Diski ya Pamoja Inafunguka Asubuhi, Lakini Usiku Programu ya Nakala Rudufu Inasema Haipo

*"Hujambo mtaalamu. Mimi ni karani wa hesabu katika ofisi ndogo ya uhasibu hapa Ngara, Nairobi. Tuko watu sita. Tuna diski ya mtandao iliyounganishwa kwenye swichi, na sote tunaiona kwenye kompyuta zetu kwa herufi Z. Kompyuta inayoweka faili za wateja ina programu ya bekapu inayofanya kazi kila siku saa tano usiku. Zamani haikuwa na shida, lakini tangu tuweke toleo jipya la programu hiyo, kila asubuhi nakuta ujumbe mwekundu kwamba Z:\Bekapu haipatikani. Nikifungua Z dakika hiyohiyo, folda ipo na kila kitu kinafunguka. Nikiianzisha programu kwa mkono, inakataa vilevile. Fundi mmoja amesema diski imekufa. Mwingine aliifungua folda kwa kila mtu bila nywila, lakini kompyuta yetu mpya ya Windows 11 haiingii kabisa. Nilijaribu kuweka anwani ya diski ndani ya programu, nikaandika jina langu na zile namba nne ninazofungulia kompyuta, nikapata kosa 1326. Nilipojaribu anwani hiyo kwenye dirisha la faili kwa jina jingine, nikapata 1219. Tena siku nyingine faili la QuickBooks, programu yetu ya hesabu, lilikuwa likirukwa. Je, tununue diski mpya? Tuanzie wapi?"*

Msiende Luthuli Avenue kununua diski bado. Hakuna hata neno moja katika maelezo yako linaloonyesha kwamba diski imekufa. Diski iliyokufa haifunguki vizuri kila asubuhi na kukataa kwa utaratibu kila usiku. Kabla hatujaingia katika sababu, hata hivyo, fanya jambo moja leo hii: chomeka diski ya nje ya USB kwenye kompyuta yenye faili za wateja, nakili folda zote kwa mkono, kisha uichomoe na kuifungia kabatini. Ofisi yenu imekaa bila nakala tangu toleo jipya liwekwe, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Mkizipoteza faili za wateja wakati tunatafuta chanzo cha kosa, hakuna atakayejali kwamba hatimaye tulikipata.

Kinachokusumbua, nadhani, ni kwamba wewe unaiona folda kwa macho yako na programu inaapa kwamba haipo. Mmoja wenu anaonekana kusema uongo. Ukweli ni kwamba nyote wawili mnasema kweli, kwa sababu Z unayoiona wewe si mali ya kompyuta. Ni mali ya kikao chako, yaani ule muda unaoanza unapoingia kwa jina na nywila yako na kwisha unapotoka. Windows huziweka herufi za diski za mtandao ndani ya kikao cha mtu aliyeziunganisha, na mtu mwingine aliyeingia kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa wakati huohuo, hazioni. Mkiambiana nyumbani "tukutane pale kwa mama mboga", kila mtu wa ploti yenu anajua ni mama mboga yupi, lakini mwendesha bodaboda aliyetoka upande mwingine wa jiji atahitaji jina la barabara na la jengo.

Programu yenu, kwa kila dalili, ndiyo huyo mgeni. Programu nyingi za nakala rudufu hazifanyi kazi kama programu ya kuandikia barua, ambayo huanza unapoibonyeza na kufa unapoifunga. Huweka huduma, yaani sehemu inayoamka pamoja na kompyuta na kufanya kazi nyuma ya pazia hata kama hakuna mtu aliyeingia, na mara nyingi huduma hiyo hutumia akaunti ya mfumo wenyewe, ile iitwayo Local System. Akaunti hiyo ina mamlaka makubwa ndani ya kompyuta yenu, lakini haijawahi kuunganisha Z yoyote. Inaelekea toleo la zamani lilikuwa likifanya kazi ndani ya kikao chako, ukiwa umeiacha kompyuta wazi usiku, na toleo jipya likahamia kwenye huduma. Hilo linaeleza pia kwa nini kuianzisha kwa mkono hakusaidii: dirisha unalolibonyeza ni uso tu, linapeleka amri kwa huduma ileile, nayo huduma inakwenda kutafuta Z isiyoijua.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe bila kuharibu chochote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika services.msc, kisha tafuta jina la programu yenu katika orodha itakayofunguka. Safu ya mwisho kulia huonyesha kila huduma inaingia kwa akaunti gani. Ukikuta Local System mbele ya jina la programu, umeshapata jibu la nusu ya barua yako. Jaribio la pili ni la kufurahisha zaidi, nami hupenda kuwaonyesha watu wasioamini: fungua dirisha jeusi la amri kwa njia ya kawaida, andika net use, nawe utaiona Z na anwani yake kamili. Sasa fungua dirisha jingine la amri, lakini safari hii uchague kulifungua kama msimamizi, uandike net use tena. Katika kompyuta nyingi Z haitakuwa imeunganishwa, ingawa aliyekaa kitini ni wewe yuleyule, kwa sababu Windows huipa programu inayofunguliwa kwa mamlaka ya usimamizi kikao chake kando.

Kutokana na hayo utaona kwa nini tiba ambazo watu huzikimbilia hazifui dafu. Kuweka alama kwenye kile kisanduku kinachosema Z iunganishwe upya kila unapoingia hakusaidii, kwa kuwa huduma haiingii kama wewe. Kuiacha kompyuta ikiwa imewashwa na kufungwa kwa nywila hakusaidii, kwa kuwa kikao chako, hata kikiwa hai usiku kucha, kinabaki chako. Kusakinisha Windows upya kutakupotezea siku nzima na kukurudisha palepale. Kuna pia badiliko katika rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake ya ndani, liitwalo EnableLinkedConnections ambalo mafundi hulipenda. Hilo huwezesha programu zilizofunguliwa kama msimamizi kuziona herufi za mtu huyohuyo, lakini kwa huduma inayotumia Local System halifanyi kitu.

Tiba yenyewe ina sehemu mbili, na hapa ndipo ulipokaribia kufika kisha ukakata tamaa. Sehemu ya kwanza ni kuachana na herufi na kutumia anwani kamili, inayoanza kwa mikwaju miwili ya nyuma, kwa mfano \\HIFADHI\Bekapu, ambapo neno la kwanza ni jina la diski yenu kwenye mtandao na la pili ni jina la folda ya pamoja. Anwani hii ni moja kwa kila mtu na kila kikao. Sehemu ya pili, ambayo maelezo mengi husahau kuitaja, ni kwamba anwani peke yake haitoshi. Huduma ikifika mlangoni itaulizwa jina na nywila, na akaunti ya Local System haina jina linalotambuliwa na diski ya mtandao katika ofisi ndogo kama yenu. Ndiyo maana lazima uipe programu jina na nywila ya akaunti iliyosajiliwa kwenye diski yenyewe.

Hapo ndipo kosa 1326 linapoingia, na usilichukie, kwa sababu ni habari njema. Maana yake ni kwamba safari hii programu ilifika mpaka kwenye diski, ikabisha hodi, ikakataliwa kwa kuwa jina au nywila si sahihi. Zile namba nne unazofungulia kompyuta haziwezi kufanya kazi hapo kamwe, hata zikiwa zako halali, kwa sababu PIN ya Windows inatambuliwa na kompyuta hiyo moja tu na haisafiri kwenye mtandao. Tena jina lako la kompyutani si lazima liwe jina lililo kwenye diski, kwani diski ya mtandao ina daftari lake la watumiaji. Fungua ukurasa wa usimamizi wa diski, tengeneza mtumiaji mpya kwa kazi hii tu, mwite kwa mfano bekapu, mpe nywila ndefu, na umruhusu kusoma na kuandika ndani ya folda ya Bekapu peke yake. Kisha katika programu andika jina lake likitanguliwa na jina la diski, yaani HIFADHI\bekapu, ili Windows isidhani kwamba unamtaja mtumiaji wa kompyuta yenyewe.

Kosa 1219 ni la aina nyingine na halihusiani na programu. Windows hairuhusu kikao kimoja kiingie kwenye diski moja kwa majina mawili tofauti kwa wakati mmoja. Wewe tayari ulikuwa umeingia kama mtumiaji wa Z, kisha ukajaribu kuingia tena kwa jina jingine, ndipo ikakukatalia. Ukitaka kulijaribu jina jipya, funga faili zote zilizo Z, andika net use Z: /delete kwenye dirisha la amri, halafu jaribu. Ikiwa bado inakataa, toka kwenye akaunti yako na uingie upya, maana wakati mwingine hubaki muunganisho uliofichika. Huduma ya programu, kwa kuwa ina kikao chake, haitagongana na Z yako.

Programu nyingi zina nafasi ya kuandikia jina na nywila pale unapochagua mahali pa kuhifadhi. Kama yenu inayo, tumia hiyo na usitafute njia nyingine. Kama haina, mna njia mbili, na hakuna iliyo safi kabisa. Ya kwanza ni kubadilisha akaunti ya huduma yenyewe, ili badala ya Local System itumie akaunti ya kompyuta ambayo pia ipo kwenye diski kwa jina na nywila zilezile. Hii hufanya kazi, lakini siku mtu atakapobadilisha nywila, huduma itashindwa kuanza, na baadhi ya programu hupoteza uwezo wa kusoma faili za watumiaji wengine au za mfumo, kwa hiyo soma kwanza maelekezo ya mtengenezaji. Ya pili ni kuandika amri fupi inayounganisha diski kabla ya kazi kuanza, ndani ya kikao cha huduma. Nayo hufanya kazi, ila nywila hubaki imeandikwa wazi ndani ya faili ambalo yeyote mwenye kuipata kompyuta anaweza kulisoma. Mimi ningechagua ya kwanza, na kama programu yenyewe ni ya bure na haina nafasi ya kuandikia nywila, ningefikiria kuibadilisha.

Sasa tuje kwa yule fundi aliyefungua folda kwa kila mtu. Ninaelewa alikuwa anatafuta njia ya mkato, lakini rudisha nywila leo. Folda ya nakala rudufu iliyo wazi kwa wote ndiyo ya kwanza kuharibiwa siku mfanyakazi mmoja atakapobonyeza kiambatisho kibaya katika barua pepe, kwa kuwa virusi vya kudai fidia hufunga kila faili ambalo mtu huyo ana ruhusa ya kuliandika, pamoja na yaliyo kwenye Z. Ofisi nyingi hugundua siku hiyo kwamba nakala zao zilikuwa mahali palepale ambapo virusi vilikuwa. Kwa hiyo napendekeza mwendelee kuitumia Z kwa kazi za kila siku, lakini folda ya Bekapu msiiunganishe kwenye kompyuta ya mfanyakazi yeyote. Mtumiaji bekapu ndiye pekee awe na ruhusa ya kuandika humo, na nywila yake isitumiwe na binadamu kwa shughuli nyingine. Utaona kwamba tatizo la herufi, ukilitatua ipasavyo, linakuachia ofisi iliyo salama kuliko ilivyokuwa kabla ya toleo jipya.

Kufungua folda bila nywila ndiko pia kulikoifungia nje kompyuta yenu mpya, kama ina toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024. Toleo hilo halikubali kwa kawaida kuingia kwenye folda ya pamoja kama mgeni asiye na jina katika Windows ya Pro, ile ya ofisini, na hudai kila ujumbe kati ya kompyuta na diski uwe na saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba haujachezewa njiani. Mgeni hana nywila, na bila nywila saini hiyo haiwezekani. Mtashauriwa mzime ulinzi huo. Msikubali haraka. Mpeni mwenye kompyuta akaunti yake kwenye diski, na msasishe programu ya ndani ya diski. Mara nyingi hilo linatosha. Ikiwa diski ni ya zamani sana kiasi kwamba inajua tu toleo la kwanza la itifaki ya SMB, yaani lugha ambayo Windows huitumia kufikia folda za pamoja kwenye mtandao, hapo kweli ununuzi utakuwa na maana. Windows iliacha kuweka toleo hilo kwa kawaida tangu mwaka 2017, mwaka uleule ambao virusi vya WannaCry vilienea duniani mwezi Mei kwa kupitia udhaifu wake, na kulirudisha ili kuokoa diski kuukuu ni gharama nisiyoweza kumshauri mteja aibebe.

Baada ya marekebisho haya, ujumbe wa kosa ukirudi, soma namba kabla ya kusoma maneno, kwa maana programu nyingi hutafsiri namba hizo kwa sentensi zao zenye kupotosha. Kosa 53 linamaanisha kwamba diski yenyewe haikupatikana kwenye mtandao: kebo, swichi, au anwani iliyobadilika. Hapa Nairobi chanzo cha mwisho ni cha kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu stima ikipotea na kurudi, ruta inaweza kugawa anwani upya, na kama uliandika namba kama 192.168.1.20 badala ya jina, usiku huo namba hiyo inaweza kuwa ya printa. Ingia kwenye ruta uitengee diski anwani yake ya kudumu. Kosa 67 ni jina la folda lililokosewa. Kosa 5 ni kwamba mmeingia lakini hamna ruhusa, na hapo kumbuka kwamba kuna ruhusa za folda ya pamoja na ruhusa za faili zenyewe, na zilizo kali zaidi ndizo zinazoshinda. Kosa 64 ni muunganisho uliokatika katikati ya kazi. Ukiliona mara kwa mara, badilisha kebo kwanza, kwa kuwa ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote, na hakikisha kompyuta hiyo haitumii waifai kwa kazi ya usiku. Kosa 112 ni diski kujaa. Iwapo diski yenu hulala isipotumika, usiku wa manane inaweza kuchukua sekunde kadhaa kuamka, na programu isiyo na subira ikaripoti kwamba haipo. Zima usingizi huo saa za kazi ya nakala.

Suala la QuickBooks ni jambo jingine kabisa. Faili lililofunguliwa na mtu, au linaloshikiliwa na huduma ya QuickBooks kwa ajili ya watumiaji wengi, mara nyingi haliwezi kunakiliwa, nalo hutoa kosa 32. Programu nzuri huepuka hili kwa kuiomba Windows picha ya hali ya diski kama ilivyo wakati huo, na kunakili kutoka kwenye picha. Angalia kama chaguo hilo limewashwa. Chaguo hilo hufaa kwa faili zilizo kwenye diski ya ndani ya kompyuta, kwa hiyo faili la hesabu lisikae kwenye Z. Pamoja na hayo, tumia nakala rudufu ya QuickBooks yenyewe kila Ijumaa, kwa kuwa nakala iliyochukuliwa huku watu wakiandika inaweza kufunguka ikiwa na kasoro.

Yapo mazingira ambayo hayafai kushughulikiwa kwa kusoma maelezo kama haya. Diski ikianza kugonga au kukwaruza, taa yake ikageuka ya tahadhari, au kumbukumbu za programu zikionyesha kosa 23 au 1117, basi hapo kweli huenda diski yenyewe inaharibika. Isimamishe, usiendeshe programu yoyote ya kuitengeneza, na umwite mtu mwenye uzoefu wa kuokoa data, kwa sababu kila saa ya ziada ya kuizungusha inaweza kupunguza kinachookolewa. Mkiona faili zimebadilika majina ya mwisho na kuna ujumbe wa kudai pesa, chomoeni kebo za mtandao za kompyuta zote na ya diski, msifute chochote, mwite mtaalamu siku hiyohiyo. Kama taarifa za wateja zimefikiwa na watu wasiohusika na kuna hatari ya kweli ya madhara kwao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka ofisi yenu imwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu mlipofahamu, hivyo msikae mkisubiri kuona kama mambo yatatulia.

Na hata kama si dharura, ukiona kazi ya kutengeneza akaunti kwenye diski inakuzidi, ni kazi ndogo kwa fundi anayeielewa. Mpe barua yako kama ulivyoniandikia, pamoja na namba za makosa, na umwambie unataka anwani kamili, akaunti ya peke yake, na folda ya Bekapu isiyoonekana kwa wafanyakazi. Nywila aiandike akiwa nawe, nawe ubaki nayo. Asubuhi inayofuata, kabla hujamlipa, mwombe arudishe faili la mteja mmoja kutoka kwenye nakala ya saa tano usiku hadi folda mpya, mlifungue pamoja, na ulinganishe jumla ya ukurasa wa mwisho na ile iliyo kwenye faili halisi.